Kushea Resipe Mtandaoni Bila Kuvunja Hakimiliki: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Hakuna sheria ya hakimiliki inayokuzuia kupika keki uliyoiona kwa mwenzako, wala kumfundisha jirani yako namna ya kuipika. Tatizo huanza pale unapoposti. Mmoja anaona resipe nzuri, anaipiga skrinshoti na kuirusha kwenye kundi. Wa pili anaikopi neno kwa neno na kuiweka kwenye ukurasa wake. Wa tatu anachukua picha ya keki ile na kuibandika juu ya maelezo ya keki yake mwenyewe. Yule aliyeioka mara kadhaa hadi ikakaa sawa, akapanga mwanga, akapiga picha, akaketi na kuandika, anakuja kuikuta kazi yake inatembea na jina la mtu mwingine. Hilo linauma, na linawafanya wapishi wazuri waache kuandika.

Upande wa pili wapo wanaoogopa kupita kiasi, hadi wanasita kuandika vipimo vya mkate wa kawaida kwa kudhani kwamba kila resipe ina mwenyewe. Hao wanajinyima bure. Sheria imeacha uwanja mpana kwa anayetaka kupika na kufundisha, ilimradi ajue mpaka ulipo. Kwa kifupi, chakula ni cha wote, lakini maneno na picha vina mwenyewe.

Hatua ya 1: Ichambue resipe vipande vipande

Kabla ya kuposti chochote kilichotoka kwa mtu mwingine, usikitazame kama kitu kimoja. Resipe ya mtandaoni huwa na jina la chakula, orodha ya mahitaji na vipimo vyake, maelekezo ya kutayarisha, simulizi au vidokezo vya mwandishi, na picha au video. Kila kipande kina hali yake kisheria. Ukivichanganya, utaogopa visivyo na shida na utachukua vyenye wenyewe.

Msingi wa haya yote uko kwenye mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, ulio chini ya Shirika la Biashara Duniani. Unasema hakimiliki inalinda namna jambo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe, wala utaratibu, wala njia ya kufanya kazi. Kupika ni utaratibu. Kuchanganya unga, mayai na siagi kwa vipimo fulani ili upate keki ni njia ya kufikia matokeo, na njia hiyo haimilikiwi na mtu kwa hakimiliki.

Mahakama zimelipima jambo hili. Mwaka 1996 huko Marekani, katika kesi ya Publications International dhidi ya Meredith, mahakama ya rufaa yenye makao Chicago iliangalia resipe za kitabu cha vyakula vilivyopikwa kwa mtindi wa kampuni ya Dannon. Ikaona kwamba zile zilikuwa orodha za mahitaji na maelekezo makavu tu, hivyo resipe moja moja hazikulindwa. Lakini majaji hao hao waliacha mlango wazi. Walisema mambo yangeweza kuwa tofauti kwa mwandishi anayechanganya maelekezo yake na tafakuri kuhusu upishi, kumbukumbu zinazoamshwa na harufu ya chakula kikiwa jikoni, au ushauri wa namna ya kupanga meza na muziki unaofaa kuchezwa wakati wa kula. Hayo ni maneno ya mtu, na maneno ya mtu yana ulinzi.

Na ladha? Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliulizwa kama ladha ya jibini ya kupaka inaweza kuwa na hakimiliki. Ikajibu kwamba haiwezi, kwa sababu ladha haiwezi kutambuliwa kwa uhakika na bila upendeleo: inategemea anayeonja, umri wake, mazoea yake ya chakula na mahali anapoonjea. Kwa hiyo ukijaribu jikoni kwako mpaka ukapata supu yenye ladha ile ile ya mtu fulani, hujavunja hakimiliki yake.

Hatua ya 2: Chukua orodha ya mahitaji, acha mapambo yake

“Unga gramu 250, sukari gramu 150, mayai 3” ni taarifa tupu. Iandike bila wasiwasi. Kanuni za Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani zinataja waziwazi kwamba orodha tupu ya viambato haina hakimiliki. Ila mwandishi akiandika “mayai 3 ya kuku waliozurura juani siku nzima wakidonoa wanachokitaka”, hapo kuna sauti yake. Chukua mayai matatu, muachie kuku wake.

Kuna imani moja imeenea sana kati ya wapishi wa mtandaoni: eti ukibadilisha vitu vitatu kwenye resipe, inakuwa yako. Hakuna sheria inayosema hivyo. Orodha ya mahitaji ilikuwa huru tangu mwanzo, hivyo kubadilisha vitu vitatu hakukuongezei haki yoyote. Na kama maelekezo umeyakopi neno kwa neno, kubadilisha vitu vitatu au kumi kwenye orodha hakukuokoi. Vivyo hivyo kugeuza vikombe kuwa gramu, au nyuzi za Farenhaiti kuwa za Selsiasi.

Hatua ya 3: Andika maelekezo upya, na uyaandike ukiwa umeshapika

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapokosea. Kuna wanaodhani kuandika upya ni kupitia sentensi ya mwenzako na kubadilisha neno moja moja: “koroga” inakuwa “changanya”, “sufuria” inakuwa “chungu”, na mfuatano, mifano na hata mzaha wa mwandishi vinabaki vilevile. Huko ni kukopi. Kuipa programu ya akili mnemba maandishi ya mtu ili iyapindishe sentensi kwa sentensi ni jambo lile lile, na tena unaposti kitu ambacho hujakijaribu.

Njia inayofaa ni ya jikoni. Soma resipe. Andika pembeni vipimo, joto na muda, basi. Kisha funga ukurasa ule na upike. Ukiwa unapika andika unachokiona wewe: unga wako ulikunywa maji kiasi gani, keki yako ilichukua dakika ngapi, ilipasuka wapi. Ukimaliza, andika maelekezo kutokana na karatasi yako, bila kurudi kwenye ukurasa wa mwenzako. Utashangaa jinsi maelezo yanavyotofautiana yenyewe bila kulazimishwa, kwa sababu jiko lako si jiko lake.

Tuseme umekutana na maelekezo haya:

“Piga siagi na sukari, na usiwe na haraka. Utaona rangi ya manjano ikififia polepole mpaka mchanganyiko unakuwa mwepesi kama pamba. Ni wakati huu ambapo bibi alikuwa akinipa mwiko niulambe, na mpaka leo siwezi kupita hatua hii bila kuonja.”

Ndani yake kuna taarifa moja tu iliyo huru: siagi na sukari hupigwa mpaka zipauke na kuwa nyepesi. Mengine yote, wito wa kutokuwa na haraka, pamba, bibi na mwiko, ni ya mwandishi. Baada ya kupika mwenyewe unaweza kuandika hivi:

“Weka siagi iliyolainika na sukari kwenye bakuli. Piga kwa mashine kwa dakika 4 hadi 5, ukisimama mara moja kukwangua pembeni mwa bakuli. Ikiwa tayari, rangi itakuwa imepauka na sukari haitasikika sana ukiisugua kati ya vidole.”

Ni hatua ile ile, lakini hakuna sentensi iliyohama. Tena msomaji wako amefaidika, maana umempa muda na namna ya kupima kwa vidole, mambo ambayo yule wa kwanza hakuyasema.

Usihangaike na sentensi ambazo haziandikiki vingine. “Oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 35” ni hivyo hivyo kwa kila mtu, na hakuna atakayekushika kwa hilo.

Kuhusu kutafsiri, naomba tuwe wakweli, kwa sababu wengi wetu tunasoma resipe katika lugha moja na kuziandika katika nyingine. Mkataba wa Berne, uliosainiwa mwaka 1886 na ambao hadi leo ndio nguzo ya hakimiliki kati ya nchi na nchi, unampa mwandishi haki ya kuruhusu au kukataa tafsiri ya kazi yake. Orodha ya mahitaji na mfuatano wa hatua unaweza kuviweka katika lugha yako, kwa sababu vyenyewe havimilikiwi. Lakini kuchukua makala nzima, na utangulizi wake na vidokezo vyake, ukaitafsiri na kuiposti, kunahitaji ruhusa hata kama umetumia siku mbili kuitafsiri.

Hatua ya 4: Simulizi za mtu usiziguse

Mwaka 2021 mchapishaji mmoja wa Uingereza alikiondoa sokoni kitabu cha mapishi, baada ya mwandishi mwingine kulalamika kwamba maelezo na kumbukumbu kutoka kitabu chake cha awali vilikuwa vimenakiliwa humo. Kitabu kilichokuwa kimeshachapishwa kikakusanywa. Tazama kilichozua malalamiko: si vipimo pekee, bali kumbukumbu za mtu na namna alivyozieleza. Ukitaka kugusia simulizi ya mwenzako, nukuu sentensi moja ndani ya alama za kunukuu, mtaje, na uweke linki ili msomaji akaisome kwake.

Hatua ya 5: Picha na video, piga zako

Kwa upande wa picha siwezi kulegeza neno. Picha ya chakula ina hakimiliki tangu pale kitufe kinapobonyezwa, na kwa kawaida mwenye haki ni aliyepiga, si aliyepika wala aliyekula. Kutokuwa na jina juu yake hakumaanishi haina mwenyewe. Mkataba wa Berne hauruhusu ulinzi utegemee kusajili au kuweka alama. Ulinzi unakuja wenyewe. Kuikata pembeni, kuigeuza kushoto kulia, kuifunika kwa maandishi au kuiongezea rangi hakubadilishi mwenyewe. “Nimeitoa Google” si chanzo, maana Google inakuonyesha tu picha iliko.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa kuliko ya sheria. Ukiweka picha ya keki ya mtu juu ya resipe yako, unamwambia msomaji kwamba akifuata maelekezo yako atapata kile anachokiona. Anaenda kununua vitu, anapika, anapata kitu kingine. Picha yako ya simu, hata kama mwanga haukukaa vizuri, ni ushahidi kwamba wewe mwenyewe umekipika. Weka sahani karibu na dirisha, zima taa ya juu, piga.

Kama lazima utumie picha ya mwingine, tafuta yenye leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ambayo mwenye kazi ameitoa mapema kwa kila mtu kwa masharti aliyoyachagua (leseni hizi zilianza kutolewa mwaka 2002), na usome herufi zake. BY inadai umtaje mwenyewe. NC inakataza matumizi ya kibiashara, kwa hiyo ukurasa wenye matangazo ya kulipwa unaweza kukutia matatani. ND inakataza kusambaza picha uliyoibadilisha. SA inataka utakachotengeneza kutokana nayo ukitoe kwa leseni hiyo hiyo. CC0 haina masharti.

Video zina mambo mawili. Kurekodi upya mwenyewe chakula ulichokiona kwenye video ya mtu ni halali. Kukata sehemu ya video yake na kuibandika kwenye yako ni jambo jingine kabisa. Na muziki wa nyuma una wenyewe wengi, watunzi na waliorekodi, ndiyo maana video nyingi za mapishi hunyamazishwa sauti au hufungwa. Tumia muziki ambao jukwaa lenyewe limekupa, na uangalie kama ruhusa hiyo inahusu pia akaunti za biashara.

Skrinshoti ya ukurasa wa kitabu inabeba kila kitu kwa pamoja: maneno, picha, mpangilio. Epuka.

Hatua ya 6: Usihamishe mkusanyiko mzima

Resipe moja moja zinaweza kuwa huru, lakini uteuzi na mpangilio wake ukawa na ulinzi. Mtu aliyechagua resipe 50, akazipanga kwa mtiririko wa kwake, amefanya kazi ya ubunifu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifafanua mwaka 1991, katika kesi ya Feist iliyohusu kitabu cha namba za simu, kwamba mkusanyiko wa taarifa hulindwa pale uteuzi na mpangilio wake unapokuwa na ubunifu, hata uwe mdogo. Umoja wa Ulaya una pia sheria ya hifadhidata (makusanyo ya taarifa yaliyopangwa) ya mwaka 1996, inayompa aliyewekeza katika kukusanya taarifa ulinzi wa miaka 15. Kwa hiyo usiandike upya kitabu cha mtu resipe baada ya resipe, sura kwa sura, kwa kisingizio kwamba maneno ni yako.

Vitabu vya zamani sana ni habari njema. Berne inaweka ulinzi usiopungua maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Umoja wa Ulaya na Uingereza zimeweka miaka 70, na Marekani vilevile kwa kazi za kuanzia mwaka 1978. Ukipita muda huo kazi inakuwa mali ya umma, yaani yeyote anaweza kuitumia bila kuomba ruhusa. Hakikisha tu unatumia maandishi ya zamani yenyewe, kwa kuwa dibaji mpya, picha mpya na tafsiri mpya zina hakimiliki yake mpya.

Hatua ya 7: Taja ulikotoa, na omba ruhusa inapotakiwa

Haya ni mambo mawili, na moja halifuti jingine. Kutaja jina ni heshima. Ruhusa ni haki. Ukichukua picha bila ruhusa na kuandika “picha kwa hisani ya fulani”, umemtangaza mtu uliyemnyang’anya. Na kinyume chake: hata pale ambapo sheria haikudai chochote, kwa mfano umechukua vipimo tu, mtaje. Aliyegundua kwamba kijiko kimoja zaidi cha maziwa kinaifanya keki isikauke anastahili kujulikana.

Andika kwa ukweli ukubwa wa ulichochukua. “Resipe ya fulani, nimeiandika kwa maneno yangu” inafaa ukiwa umefuata vipimo vyake karibu vyote. “Nimebadilisha kutoka kwa fulani” inafaa ukiwa umegeuza mambo ya maana. “Wazo nimelipata kwa fulani” inafaa pale ambapo chakula kimekuwa kingine kabisa. Weka linki inayofika kwenye resipe yenyewe, si kwenye ukurasa wake wa mwanzo tu.

Ujumbe wa kuomba ruhusa usiwe mrefu:

“Habari za leo. Nimeupika mkate wako wa shayiri na nimeupenda sana. Naandaa makala kwa maneno yangu mwenyewe, na ninaomba ruhusa ya kutumia picha yako moja, ile ya mkate uliokatwa. Nitakutaja na kuweka linki ya kwako, na sitaihariri. Ukurasa wangu una matangazo machache. Ukiridhia, naomba unijibu hapa kwa maandishi. Asante.”

Umesema unataka nini, utakitumia wapi, na kama kuna hela ndani yake. Asipojibu, jibu ni hapana. Hifadhi jibu lake likija.

Mwaka 2010 jarida moja la mapishi Marekani lilichapisha makala ya mwandishi iliyokuwa mtandaoni, bila kumuuliza. Alipolalamika, mhariri alimjibu kwamba vilivyo mtandaoni ni mali ya umma. Jawabu hilo lilisambaa, watangazaji wakajitoa, na jarida likafungwa mwaka huo huo. Kuonekana na kila mtu si sawa na kuwa mali ya kila mtu.

Hatua ya 8: Linda kazi yako kabla haijachukuliwa

Hifadhi picha asilia zilivyotoka kwenye kamera, pamoja na tarehe zake, hasa zile ambazo hukuziposti. Picha tano za keki ile ile kutoka pembe nyingine ni ushahidi mzuri kuliko maneno. Andika jina lako na mwaka chini ya kila posti. Sema pia unaruhusu nini: “Tumia vipimo, andika kwa maneno yako, picha uniulize kwanza.” Watu wengi wana nia njema ila hawajui, waambie.

Soma masharti ya jukwaa na ya mashindano ya mapishi. Majukwaa mengi hukuacha na hakimiliki yako ila wanachukua leseni ya kuitumia kazi yako, wakati baadhi ya mashindano yanadai uwahamishie haki zote. Usisaini usichokisoma.

Kama una resipe ambayo ndiyo roho ya biashara yako, usiiposti hata nusu. Inaweza kulindwa kama siri ya biashara, lakini siri ikishatoka haina ulinzi tena. Jina la bidhaa yako nalo halilindwi na hakimiliki. Hilo ni suala la alama ya biashara, na husajiliwa kwingine.

Hatua ya 9: Kazi ikichukuliwa, au ukituhumiwa wewe

Ukikuta kazi yako kwa mtu, anza kwa kupiga skrinshoti inayoonyesha anwani ya ukurasa na tarehe. Kisha mwandikie faraghani kwa upole: hiki ni changu, hiki hapa cha awali, naomba ukitoe au unitaje. Mara nyingi yanaishia hapo.

Asipojali, peleka notisi ya kuondoa kwenye jukwaa lenyewe. Majukwaa makubwa mengi hufuata utaratibu wa DMCA, sheria ya Marekani ya hakimiliki ya kidijitali ya mwaka 1998. Notisi inataka sahihi yako, hata ya kielektroniki, utambulisho wa kazi yako, linki ya kilichochukuliwa, mawasiliano yako, tamko la nia njema kwamba matumizi hayo hayakuruhusiwa, na tamko kwamba maelezo yako ni sahihi na wewe ndiye mwenye haki au mwakilishi wake. Hilo la kuwa mwenye haki au mwakilishi linatolewa chini ya adhabu ya kiapo cha uongo. Taja kwa usahihi kilicho chako: picha mbili, aya tatu za utangulizi. Usitume notisi kwa sababu mtu amepika keki yako au ametumia vipimo vyako. Si vyako, na anayedanganya kwa makusudi kwenye notisi anaweza kudaiwa fidia.

Ukipokea notisi wewe, usijibu kwa hasira. Rudi kwenye hatua ya 1, chambua posti yako kipande kwa kipande. Kama kuna picha au maneno ya mtu, yaondoe siku hiyo hiyo na umwombe radhi. Kama ni orodha ya mahitaji na maelekezo uliyoandika mwenyewe, una haki ya kutuma notisi ya kupinga. Chini ya utaratibu huo jukwaa hurudisha posti yako kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa mlalamikaji awe amefungua kesi mahakamani. Notisi ya kupinga itampa mlalamikaji jina lako, anwani na namba ya simu, kwa hiyo itume ukiwa na hakika, na karatasi yako ya jikoni ukiwa nayo mkononi.